Mum ameteleza kidogo tu mkono ukavunjika, ni uzee ama?

Binti_Umoja: Hamjambo wadau. Mum yangu ana miaka 63, juzi alikuwa anaanua nguo akateleza hapo kwa mlango, akajizuia na mkono, na kifundo kikavunjika. Hakuanguka vibaya hata. Amefungwa plasta tumeambiwa turudi baada ya wiki sita. Tena siku hizi nikisimama karibu naye naona amefupika. Watu wa nyumbani wanasema ni uzee, anunuliwe kalsiamu akae tu chini apumzike. Ni hivyo kweli?

NesiKayole: Pole kwa mum. Mtu akianguka tu kutoka kwa kusimama na mfupa uvunjike, hiyo lazima ichunguzwe, msikubali kuambiwa ni uzee. Mwanamke akishakoma hedhi homoni ya estrojeni inashuka, mfupa unaanza kuliwa haraka kuliko unavyojengwa, na hasikii uchungu wowote mpaka siku uvunjike. Huko kufupika pia kunaweza kuwa ni pingili za mgongo zimebonyea. Ombeni kipimo cha DEXA, kile cha kupima uzito wa mfupa wenyewe, eksirei ya kawaida haioni mapema. Alama yake (T-score) ikisoma -2.5 kushuka chini hiyo ni osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kuwa dhaifu. Na amewahi kunywa tembe za prednisoloni kwa miezi mingi? Hizo humaliza mifupa sana.

mjukuu_wa_shosho: Shosho wangu yuko kwa alendroneti, dawa ya osteoporosisi, tembe moja ya 70mg kila wiki. Anakunywa asubuhi kabla ya kitu chochote na glasi nzima ya maji, si chai, halafu nusu saa hakuna kulala, juu inaweza kuchoma koo huko ndani. Chakula ni mala, uji wa wimbi na omena anakula na mifupa yake yote. Spinachi ni poa lakini kalsiamu yake mwili hauichukui vizuri.

Kamau254: Hiyo ya akae chini ndio mbaya kabisa jameni, mfupa usipobeba uzito unazidi kulegea. Atembee kila siku hata kama ni kwenda sokoni na kurudi, na nyinyi mtoe mikeka inayoteleza na muweke taa njia ya choo.

Binti_Umoja: Asanteni sana. @NesiKayole hiyo prednisoloni amekunywa miaka, ni ya pumu.

NesiKayole: Basi msingoje hizo wiki sita, mrudisheni wiki hii na mtaje hiyo dawa kabla hata waulize. Lakini asiiache ghafla mwenyewe, daktari ndiye atasema.