Je, kuishi mchanganyiko kunaua imani kati ya watu?

Mtoa Mada: Mwaka 2007 mwanasosholojia Robert Putnam alidai kwamba penye mchanganyiko wa rangi na asili watu hujikunyata kama kobe, hata wa kundi lao hawawaamini. Mwaka 2015 Maria Abascal na Delia Baldassarri wakazichambua upya takwimu zilezile za Marekani za mwaka 2000, watu karibu 30,000. Wakaona mchawi si mchanganyiko. Kwenye mchanganyiko ndiko waliko wahamiaji wengi na wasio Weupe, ambao tayari huwaamini wengine kidogo, na hali ya kipato ina uzito wake. Mnasemaje?

Jembe Butu: Msomi akitaka kuficha jambo hulivika takwimu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kuna walio siku ya elfu na jembe hawajaligusa.

Binti Safari: Hawajaligusa?! Nimesafisha vyoo vya watu miaka kumi na moja, shahada iko kabatini. Wewe ulilishika lini?

Jembe Butu: Nimerusha jiwe gizani. Aliyelia ndiye limempata.

Mzee wa Koma: Putnam ni wa sayansi ya siasa, si mwanasosholojia. Tuheshimu fani za watu.

Kijana wa Hesabu: Turudi kwenye mada. Utafiti huo wa 2015 haukusema kila kitu shwari. Weupe waliozungukwa na wasio Weupe walionyesha imani ndogo zaidi. Hapo pana hoja.

Binti Safari: Kwa hiyo nimekuja kuwapunguzia watu imani?

Kijana wa Hesabu: Dada, sijasema hivyo…

Mama Ushungi: Na methali mnaipinda. Jembe hupewa wa nyumbani. Ukishapewa, ugeni umekwisha.

Binti Safari: Asante Mama. Jembe ninalo, nangoja shamba.

Jembe Butu: Mmesikia? Sasa anataka na shamba!

Mtoa Mada: Jamani, mada ni imani…

Jembe Butu: Ndiyo hiyo hiyo. Nani amwamini anayelitolea macho shamba lake?

Mzee wa Koma: Herbert Blumer, na huyu ni mwanasosholojia kweli, aliandika mwaka 1958 kwamba ubaguzi wa rangi hautoki sana kwenye chuki ya mtu mmoja mmoja. Hutoka kwenye hofu ya kundi kwamba nafasi yake itachukuliwa. Jembe ametufanyia utafiti bure.

Jembe Butu: Huyo Blumer naye ni mgeni wa nani?