Mlima mmoja, Kilimanjaro: Marangu maji, Rombo ndoo. Kwa nini?

mtoto_wa_useri:
Wakuu, habari zenu. Nimekulia Useri, Rombo. Mama alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni ya bomba, dumu la lita 20 kichwani. Juzi nimeenda msibani Marangu, nakuta maji yanapita kwenye mfongo, ule mfereji wa asili wa Wachaga, nyuma ya jiko, hata hakuna anayeyatazama. Mlima ni uleule, barafu ileile. Ni siasa au nini?

mwl_mstaafu:
Siasa ipo, ila haikuanza yenyewe. Nimefundisha jiografia miaka mingi hukohuko kwenu.

Barafu isahau. Tangu 1912 imepungua zaidi ya asilimia 80. Maji mengi yanatoka msituni, kwenye mvua na ukungu unaonaswa na miti. Pepo zinakuja na unyevu wa Bahari ya Hindi. Kilema, Marangu na Kibosho zinapigwa usoni. Ukizunguka upande wa Rombo kuelekea Tarakea, wingu limeshatua mzigo.

Halafu mwamba. Vile vilima vya duara vilivyotapakaa Rombo ni volkano ndogo, na mawe yake yana vitundu kama sifongo. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi korongoni na ndoo ya maji, tukaimwaga. Kabla sijamaliza kueleza, pameshakauka! Marangu mto unatiririka mwaka mzima, ndiyo maana wazee waliweza kuchepusha mfongo hadi kihambani, shamba la migomba na kahawa la nyumbani. Kahawa ikastawi, kahawa ikalipa ada. Rombo nao walilima kahawa, tusidanganyane, lakini mtoto aliyetoka kuchota maji alikuwa anasinzia kwenye kipindi changu cha kwanza.

jirani_wa_chala:
Mwalimu, yaliyozama hayajapotea. Ziwa Chala halina mto wa maana unaoingia, linalishwa chini kwa chini na mlima. Shida ni kuta zake, maana liko ndani ya shimo la volkano: unasimama ukingoni unayaona maji ya bluu kule chini, na koo limekauka.

mwl_mstaafu:
Umenena. Kuyapandisha kunataka pampu, umeme na bajeti. Hapo sasa ndipo siasa inapoingia.

mtoto_wa_useri:
Shikamoo mwalimu, nimemsomea mama yote. Anauliza, akichimba nyuma ya zizi atayapata?

mwl_mstaafu:
Marahaba. Mwambie asijichoshe na jembe, yako mbali mno. Wewe mnunulie simtanki na ufunge mifereji kwenye bati kabla ya masika.