Waliowahi kutengeneza GIF kutoka kwenye klipu za video kwa kompyuta, tupeane uzoefu

KijanaWaSinza
Wakuu, habari za jioni. Aliyewahi kugeuza klipu ya video kuwa GIF (picha fupi inayotembea na kujirudia yenyewe) kwa kompyuta naomba apite hapa aeleze alichokutana nacho. Naanza mimi.

Dada yangu anapika chapati za oda hapa Sinza. Aliniomba picha inayotembea ya chapati ikipinduliwa, ile sekunde inapofura na mvuke kuchomoka pembeni. Nikarekodi nimeshika simu mkononi, nikakata sekunde 15, nikaipandisha kwenye tovuti ya kubadilisha. Bando likaliwa wakati wa kupandisha, likaliwa tena wakati wa kushusha. Nikapata faili la MB 41 lenye chapati ya kijivu. Wateja wakamwambia dada halifunguki.

Baadaye nikajifunza ffmpeg, programu ya kugeuza video kwa kuandika amri. Ni ya bure, na kila kitu kinafanyika kwenye mashine yako bila intaneti. Amri ninayotumia ni hii:

ffmpeg -ss 14 -t 3 -i chapati.mp4 -vf "fps=12,scale=480:-1:flags=lanczos,split[a][b];[a]palettegen[p];[b][p]paletteuse" chapati.gif

Inaanzia sekunde ya 14, inachukua sekunde 3 tu, kwa fremu (yaani picha) 12 kila sekunde, ndiyo hiyo fps=12, inapunguza upana hadi pikseli 480. Hapo palettegen inachagua rangi kutoka kwenye klipu yako mwenyewe, ndipo kahawia ya chapati ikarudi. Upana ukishuka kutoka 1080 hadi 480, pikseli zinabaki kama moja ya tano. Faili limeshuka hadi MB 6, lakini bado ni zito. Karibuni.

Mtaalamu_Mabibo
Mkuu, hiyo fps=12 ibadilishe. GIF inahesabu muda wa kila fremu kwa sehemu ya mia ya sekunde, namba kamili tu. 100 haigawanyiki kwa 12, kwa hiyo fremu nyingine inakaa sehemu 8, nyingine 9. Weka 10, 20 au 25, mwendo unanyooka. Na usishuke chini ya sehemu 2 kwa fremu. Vivinjari vingi vikikuta hivyo vinairudisha kwenye fremu 10 kwa sekunde, kitu ulichotaka kiende mbio kinajikokota.

Mvuvi wa Picha
Mimi somo langu nililipata Coco Beach, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua linatoka baharini, anga linahama kutoka zambarau kwenda chungwa. Video ilikuwa nzuri mno. GIF ikatoka na mistari mistari angani, kama ngazi.

GIF ni ya mwaka 1987, na fremu yake moja inabeba rangi 256 basi. Anga la asubuhi linataka zaidi ya hapo. Ukiiambia programu itawanye vidoti kuficha ile mistari, faili linanenepa, maana GIF hubana vizuri pale rangi moja inapojirudia mfululizo, na vidoti vinavuruga mfululizo huo. Nilihangaika siku mbili. Mwisho anga nikaliacha libaki MP4. Kwenye klipu ileile nikakata kipande cha ngalawa inapita, nyeusi tii mbele ya mwanga. Rangi 32 zilitosha, na hiyo ngalawa naipenda kuliko anga lenyewe.

Mwalimu_Temeke
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Nafundisha watoto viziwi. Wengi mnalalamika GIF haina sauti, sisi hatuihitaji. Mzazi anafungua, alama inajirudia yenyewe mpaka mkono wake uizoee, hana haja ya kubonyeza kila mara. Nilitengeneza alama kama ishirini nikawatumia wazazi.

Wiki iliyofuata mama mmoja kutoka Mbagala alikuja shuleni akanionyesha aliyojifunza. Alama ilikuwa sahihi, ila kila akimaliza mkono wake ulikuwa unaruka ghafla kutoka kifuani hadi ubavuni. Nikamwomba arudie. Mkono ukaruka tena. Nikafungua GIF yangu, nikaona: nilikata klipu mkono ukiwa bado juu, basi inaporudi mwanzo mkono unaonekana kuruka. Yeye aliichukua kuwa sehemu ya neno, na mwanawe alishafundishwa hivyo nyumbani. Iliniuma sana.

Nilizifanya zote upya. Sasa kila klipu inaanza mikono ikiwa mapajani na inaishia mapajani. Natoa fremu kwa ffmpeg, nazifungua kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, kila fremu ikiwa leya (tabaka) yake, na leya ya mwisho naiandika 1000ms ndani ya mabano mwishoni mwa jina lake. Hapo GIF inatulia sekunde nzima kabla ya kuanza tena. Mtoto anajua neno limeisha.

Simu naifunga kwenye kiti, nyuma yangu ukuta mtupu, nguo ya rangi moja. KijanaWaSinza, nadhani uzito wako uko hapo. Kisichosogea hakihitaji kuandikwa upya kwenye fremu inayofuata. Ukishika simu mkononi, hata ukuta unasogea.

Fundi K/koo
Wa kurekodi kioo cha kompyuta, jaribuni ScreenToGif kwenye Windows. Mimi nafundishia wenye maduka programu ya stoo. Ina sehemu ya kufuta fremu zinazofanana, na mafaili yangu yanapungua sana kwa hilo tu.

KijanaWaSinza
Mwalimu, asante sana. Leo alfajiri simu nimeiegemeza kwenye pakiti ya unga ya kilo 2, nikaweka fps=10, nikaanzia chapati ikiwa imelala na kumalizia imelala. MB 1.8. Dada ameituma kwa wateja wote na imefunguka.

Kimebaki kitu kimoja. Mvuke unatoka na vidoti vinavyochezacheza, na mvuke ndio alioutaka. Nimejaribu dither=bayer, mtindo mwingine wa kutawanya vidoti, vimetulia lakini vinaonekana kama chandarua. Mwenye njia nyingine aniandikie usiku huu, anakaanga tena saa kumi na moja.