Tupeane uzoefu: Uliporekodi kodi za kusindikizia kwenye kinanda, yapi yalikukuta?

Kidole Gumba (mleta mada)
Ndugu zangu, salamu. Jirani yetu amemnunulia kijana wake kinanda, na tangu saa nane mchana leo kijana anarekodi kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zile zile nne, C, A maina, F na G, akikosea kila mara kwenye G na kuanza upya. Nimemsikiliza mpaka nikaukumbuka usiku niliokesha nikirekodi mkono wa kushoto wa nyimbo sita za Pasaka, ili asubuhi kinanda kijipigie kodi nami nibaki na sauti ya kwanza kwa mkono wa kulia. Saa tisa usiku umeme ulikatika. Sikujua kwamba kinanda changu huyaweka yaliyorekodiwa kwenye kumbukumbu ya muda tu, na kwamba kikizimika kabla hujahifadhi, hubakiwi na kitu. Waliokutwa na yao, karibuni.

Mama Alto
Yamenikuta, tena kwa wimbo mmoja niliourekodi mara kumi na moja. Pole sana.

Besi Mstaafu
Mimi umeme haukunikosea, nilijiponza mwenyewe. Nilirekodi kodi za wimbo wa matoleo, beti nne na viitikio vyake, dakika tano kamili, nikaweka na umaliziaji mzuri wa ngoma na tasa. Nilisahau kwamba Jumapili ile ilikuwa ya mavuno. Watu walikuja na mikungu ya ndizi, kuku, magunia ya mahindi, na mzee mmoja alikuja na mbuzi aliyegoma kuvuka kizingiti. Kinanda kilimaliza kwa kishindo mbuzi akiwa bado mlangoni. Kwaya iliendelea kuimba hewani, nami nikawa natafuta kwa mkono wa kushoto kodi ambazo sikuwa nimezigusa kwa miezi miwili, kwa sababu nilikuwa nimeiachia mashine kazi hiyo.

Mzee wa Solfa
Kwa sisi Wakatoliki jambo hili halikupaswa hata kufika kwenye mbuzi. Maelekezo yaliyotolewa Roma tarehe 3 Septemba 1958 yalikataza kabisa ala zinazojipiga zenyewe katika ibada. Mpiga kinanda na apige kinanda.

Fundi Mitambo
Mzee wangu, shikamoo. Waliokataza walikuwa wakifikiria gramafoni na tepu. Kodi nilizozibonyeza kwa vidole vyangu jana jioni ni zangu.

Mzee wa Solfa
Marahaba. Ulizibonyeza jana. Misa ni leo.

Mama Alto
Sisi Walutheri mtusamehe, turudini kwenye mada.

Mshona Noti
Nimesita kuandika haya, lakini mbuzi amenipa ujasiri. Ilikuwa harusi ya rafiki yangu wa utotoni, Morogoro, nami nilikuwa nimerekodi kodi za wimbo wa kumwingiza bibi harusi, doh ni F, mwendo mapigo 84 kwa dakika, nikahifadhi mara mbili, kwenye kinanda na kwenye flashi. Asubuhi mwimbaji kiongozi alifika na mafua, akaomba tushuke sauti moja nzima. Nilibonyeza kitufe cha kushusha mara mbili, nikajaribu funguo, zikasikika kwenye E bemoli, nikaridhika. Kumbe kinanda kile kina mishusho miwili, mmoja wa funguo unazopiga na mwingine wa wimbo uliorekodiwa, nami nilikuwa nimegusa wa funguo peke yake.

Mlango ulifunguliwa, nikaanzisha. Spika zilitoa F, mkono wangu wa kulia ukatoa E bemoli. Soprano walinifuata mimi, besi wakafuata spika, nao watu wa teno wakanyamaza kabisa kwa busara yao. Bibi harusi alikuwa amekwisha kupiga hatua kama sita. Nilipeleka kidole kwenye kitufe cha kusimamisha, kwa kiwewe nikakandamiza cha kuongeza mwendo na kukishikilia, na nilipotazama kioo kilikuwa kimepita 130. Wale watoto wa maua, ambao walikuwa wamefundishwa kufuata ngoma, waliifuata ngoma. Walifika madhabahuni wakikimbia, vikapu vitupu, bibi harusi akiwa bado katikati ya kanisa amemshika baba yake mkono. Mwalimu wa kwaya hakusema neno, aliinama akachomoa waya ukutani.

Besi Mstaafu
Namwondoa mbuzi wangu mashindanoni.

Fundi Mitambo
Bibi harusi je? Alifika?

Mshona Noti
Alifika kwa mwendo wake, kwaya ikiimba bila ala, na wengi waliniambia kwamba sehemu hiyo ndiyo iliyopendeza kuliko zote. Video ipo. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, hunitumia kipande hicho asubuhi na mapema.

Msomi wa Kordi
Naomba kurekebisha: si kodi, ni kordi. Kodi hulipwa kwa mwenye nyumba.

Mama Alto
Mwanangu, nimepiga kodi tangu hujazaliwa na hakuna mwenye nyumba aliyenidai.

Fundi Mitambo
Nitoe ushauri kabla mada haijazama kwenye kamusi. Msirekodi kwa kupiga wimbo mzima. Vinanda vingi vinavyosindikiza vina njia ya kuingiza kodi moja moja, ukiandika kwamba C ikae mapigo manne, F mapigo mawili, na kuendelea, hivyo kidole kikichelewa hakuna anayejua. Tena tazameni namna ya kubonyeza. Ukiwa kwenye namna ya kawaida, ukipiga C huku E ikiwa chini, besi itakupigia C tu. Tafuta namna inayofuata noti ya chini kabisa, la sivyo besi haitatembea na wimbo.

Besi Mstaafu
Mimi napinga kuingiza kodi moja moja, inatoka kavu kama hesabu. Rekodini mizunguko mifupi, baa nne nne, iwe inajirudia mpaka muizime wenyewe. Mbuzi achukue muda wake.

Mzee wa Solfa
Au jifunzeni mkono wa kushoto.

Msomi wa Kordi
Je, video hiyo inaweza kuletwa hapa?

Mshona Noti
Haiwezi.

Kidole Gumba (mleta mada)
Nawashukuru. Kijana wa jirani ameipata G hatimaye, saa moja hii ya usiku, na taa za mtaa zimeanza kupepesa. Navaa viatu niende kumwambia ahifadhi.