Je, ukali wa babu humfikia mjukuu kwa damu?

BintiPangani:

Wanajukwaa, heshima kwenu. Mdogo wangu wa kike ameletewa posa, na kama ilivyo ada ya kwetu, wazee wametuma watu kuchunguza ukoo wa kijana. Walirudi na taarifa kwamba babu yake mzaa baba alikuwa mtu wa kupiga watu na kuvunja vitu, kwamba ami yake mmoja aliwahi kufungwa kwa kosa la kujeruhi, na kwamba ana shangazi mwenye kifafa. Kijana mwenyewe hatujasikia ubaya wake wowote. Baba mkubwa anataka posa ikataliwe, kwa hoja kwamba mambo kama haya yamo katika damu na ipo siku yatajitokeza. Naomba maelezo ya kisayansi: je, kuna jeni inayomfanya mtu kuwa mkali, na kama ipo, hurithiwa kwa njia gani? Na kifafa cha shangazi kina uzito gani katika jambo hili? Majibu yenu nitawasomea wazee, kwa hiyo naomba yasiwe ya kubahatisha.

MwalimuWaBaiolojia:

Dada, kisa kinachokaribiana zaidi na hofu ya baba yako mkubwa ni cha ukoo mmoja wa Uholanzi, ambao Han Brunner na wenzake waliueleza mwaka 1993. Wanaume kadhaa wa ukoo huo, wa vizazi tofauti, walikuwa na upungufu mdogo wa akili, na walikuwa wakipandwa na hasira kubwa isiyolingana hata kidogo na kilichowaudhi. Baadhi yao walifikia kuwasha moto au kujaribu kubaka. Jeni iliyokutwa na hitilafu inaitwa MAOA. Kazi yake ni kutoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachovunja serotonini, dopamini na noradrenalini, ambazo ni kemikali zinazotumiwa na seli za neva kupashana habari. Katika miili ya wanaume wale kimeng'enya hicho hakikufanya kazi kabisa.

Hapa ndipo ninapoomba wazee wasikilize kwa makini. Jeni ya MAOA iko kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, na mwanamume huipata X yake kwa mama peke yake, kwa kuwa baba humpa mtoto wa kiume kromosomu Y. Kwa hiyo, hata tukichukulia kwamba babu huyo alikuwa na hitilafu ileile ya Uholanzi, hakuwa na njia ya kumrithisha mwanawe wa kiume, na kwa sababu hiyo haiwezi kumfikia mjukuu huyu kupitia kwa baba yake. Isitoshe, hitilafu yenyewe ni adimu mno duniani.

Kinachopatikana kwa watu wengi ni aina ya MAOA inayofanya kazi kwa kiwango cha chini. Mwaka 2002 Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao walitoa matokeo kuhusu wavulana wa Dunedin, New Zealand, waliofuatiliwa tangu walipozaliwa miaka ya 1972 na 1973. Waliokuwa na aina hiyo na pia waliteswa utotoni ndio walioelekea zaidi kwenye ukatili walipokua. Wenzao wenye jeni ileile waliolelewa bila mateso hawakuonyesha mwelekeo huo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na leo inafahamika kwamba tabia kama ukali huguswa na jeni nyingi sana, kila moja kwa kiasi kidogo.

MuuguziMstaafu:

Mwanangu, mimi nitajibu la kifafa tu. Katika eneo la Mahenge, mkoani Morogoro, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa miongo mingi iliyopita, ugonjwa huu ni mwingi kuliko kawaida, na mara nyingi nyumba moja huwa na wagonjwa zaidi ya mmoja. Ni rahisi kwa mtu anayetazama kwa nje kusema kwamba ukoo ule una kifafa. Watafiti, hata hivyo, wameuhusisha kwa nguvu wingi huo na minyoo ya usubi, inayoenezwa na inzi wadogo wanaozaliana kwenye mito ya maji yaendayo kasi. Ndugu waliokulia kando ya mto mmoja waliumwa na inzi walewale.

Zipo aina za kifafa zinazorithiwa, nami sitalificha hilo. Lakini huku kwetu nyingi hutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, ajali ya kichwa, au mayai ya tegu wa nguruwe. Ulizeni kwanza shangazi alianza kuanguka akiwa na umri gani, na baada ya tukio gani. Tena mwenye kifafa si mkatili kwa sababu ya kifafa. Mkimwona anasukumana na watu baada ya kuanguka, ni kwa sababu ubongo wake haujatulia na watu wamemkamata kwa nguvu.

Mwanasheria_Moro:

Nawashukuru waliotangulia, lakini nisingependa wazee waondoke wakidhani kwamba shaka yao haina msingi wowote. Tafiti zinazolinganisha mapacha wa kufanana na wasiofanana zimeonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za ukali baina ya watu zinahusiana na urithi. Kadirio hilo linahusu kundi zima, wala halimwambii mtu yeyote kwamba nusu ya hasira yake ilitoka kwa babu. Hata hivyo si dogo.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba ukali hupita pia kwa njia ya malezi. Mtoto anayeishi katika nyumba ya vipigo hukaa katika hali ya tahadhari, homoni za msongo zikipanda mara kwa mara, na amigdala, yaani sehemu ya ubongo inayotambua hatari, hushtuka upesi hata kwa kuona uso uliokunjamana. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayomwezesha mtu kujizuia, huendelea kukomaa hadi umri wa miaka 25 hivi, na yote hayo hutokea wakati bado inajengeka. Kwa hiyo mimi ningeuliza babu alimlea nani kwa fimbo, na kijana huyu alilelewa na nani.

BintiPangani:

Nimewasomea. Kijana hakumwahi babu yake, na baba yake anasifiwa kwa upole mtaani kote. Baba mkubwa sasa anauliza kama kuna kipimo cha damu kinachoweza kuonyesha tabia ya mtu kabla ya ndoa.

MwalimuWaBaiolojia:

Hakuna. Hata akipimwa MAOA, majibu hayatawaambia atakuwa mume wa namna gani. Hilo watalijua kwa wanaofanya naye kazi na waliosoma naye. Kama wazee wanataka kipimo chenye faida, wawapeleke wote wawili wakapimwe jeni ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, kwa sababu wazazi wawili wanaobeba jeni hiyo, hata wakiwa wazima kabisa, kila mtoto wao huwa na uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaliwa na ugonjwa.