Mfereji wa uti wa mgongo umebana kiunoni: fizio, sindano au operesheni?

bintimkubwa: Wakuu, mzee wangu ana miaka 71, MRI imeonyesha mfereji umebana kwenye pingili ya 4 na ya 5 za kiuno. Akitembea dakika tano tu miguu inakuwa mizito inakufa ganzi mpaka atafute pa kukaa. Ila akisukuma toroli kainama anakwenda hata nusu saa! Daktari kasema achague fizio, sindano au kupasuliwa. Mliopitia nipeni ukweli.

kiunochuma: Pole dada. Hiyo ya kuinama ndo yenyewe, ukiinama mfereji unapanuka kidogo neva zinapumua, ukisimama wima ule utando mnene wa nyuma unajikunja kwa ndani unazikaba. Mi nilianza na fizio miezi mitatu, kulala chali navuta magoti kifuani, kukaza tumbo, na baiskeli ya ndani ambayo mpaka leo siiachi. Kupona sijapona ila nilikuwa nasimama kila mita 100, sasa nafika karibu kilomita. Asilale tu kitandani huyo mzee.

Shangazi_T: Mimi sindano ya mgongoni, tena mbili. Ya kwanza raha tupu wiki tatu, ya pili kama nimechomwa maji. Kuna utafiti ulitoka 2014, wagonjwa 400, wengine walichomwa dawa ya ganzi tupu, wengine dawa ya ganzi na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), wiki ya sita hawakupishana cha maana. Na kama ana sukari aseme mapema, yangu ilipanda siku kadhaa nikachanganyikiwa.

kiunochuma: @Shangazi_T wiki tatu si haba lakini, mtu anapata nafasi ya kufanya mazoezi

Shangazi_T: Kama atayafanya 😂

fizio_zamu: Nafanya kazi hii. Operesheni inatoa mfupa na utando unaokaba, na inasaidia miguu kuliko mgongo, kwa hiyo kama kinachomtesa ni mgongo wenyewe asitegemee makubwa. 2015 walilinganisha fizio na operesheni kwa watu 169, baada ya miaka miwili matokeo yakakaribiana, ILA zaidi ya nusu ya waliopangiwa fizio walihamia operesheni katikati, kwa hiyo hapo kila upande unajisifia. Wakitaka pia kumuunganisha pingili kwa skrubu waulize kwa nini, utafiti wa Sweden wa 2016 haukuona faida yake hata kwa wale ambao pingili ilikuwa imeteleza. Halafu walimpima mapigo ya miguuni? Mishipa ya damu ikiziba dalili zinafanana, tofauti yake mwenye mishipa iliyoziba akisimama tu anapata nafuu, hahitaji kukaa wala kuinama.

mguu_mmoja: Mi nilichelewa. Unyayo ukaanza kulegea, ndala inanivuka njiani sijui, nikasema uzee. Nilipopasuliwa maumivu yaliisha wiki ileile, unyayo haujarudi wote hadi leo. Na akifa ganzi sehemu za siri au mkojo ukagoma msisubiri kliniki, ni emajensi siku hiyohiyo.

bintimkubwa: Asanteni jamani. Nimemwambia atembee kwa visigino sebuleni nione kama unyayo umelegea, kulia anaweza, kushoto kidole gumba kinaburuza. Anasema ni zulia.

fizio_zamu: Toa zulia arudie. Kikiburuza tena mpeleke kesho, hiyo si ya kuanza na mimi.