Naomba ushauri: miti ya mpira imekauka kwenye mkato, utomvu hautoki

Habari zenu wadau. Naandika kutoka Nairobi, miti yenyewe iko Muheza, Tanga. Ukigema, upande mmoja wa mkato unatoa matone, upande wa pili mkavu kabisa. Gome lina rangi ya kahawia kwa ndani, na chini ya mkato limeanza kupasuka na kuota vinundu. Michirizi myeusi ya wima haipo, wala harufu ya kuoza, kwa hiyo si ule ugonjwa wa Phytophthora (kimelea kama ukungu kinachoozesha gome) wa msimu wa mvua. Dawa ya ukungu hapa ni kutupa pesa.

Dalili zote ni za kugemwa kupita kiasi: mkato wa nusu mzingo wa shina kila baada ya siku moja, tena gome limepakwa etefoni, dawa ya kuchochea utomvu. Mti unadaiwa utomvu kuliko unavyoweza kutengeneza, mwisho unagandia humo humo kwenye mirija.

Etefoni imesimamishwa. Sasa gome linachomwa kwa msumari kila sentimita 5 kuelekea chini, kujua ukavu umefika wapi, kisha mti upumzike miezi 6 hadi 12. Utakaporudi kugemwa iwe kila siku ya tatu au ya nne, kisu kibakize milimita 1 hadi 1.5 kabla ya kambiamu, lile tabaka jembamba linalokua kati ya gome na mbao.

Waliowahi kuchimba mfereji mwembamba hadi kwenye mbao kutenga sehemu kavu, ukavu uliishia hapo au ulivuka? Na upande wa pili wa shina, wenye utomvu, mnaanza kuugema mara moja au mnasubiri? Inauma kung'oa mti uliosubiriwa miaka 6 au 7 ndipo ugemwe.